Katoni ya Kuka

Baada ya matanga tuliambiwa kila mjukuu achague kitu kimoja cha Kuka, babu yetu, aende nacho. Mimi nilichelewa juu nilikuwa nimetumwa sokoni Kimilili kurudisha viti vya kukodi, kurudi nikapata binamu zangu wameshabeba vya maana, mmoja redio, mmoja ile koti ya Jumapili, baiskeli imeenda kwa baba mdogo ambaye hata kuendesha hajui. Nikabaki na katoni. Ndani kulikuwa na madaftari 11, zile eksasaisi buku kubwa zenye hesabu za kuzidisha nyuma, nyingine panya wameonja pembe, na moja ilimwagikiwa chai zamani sana mpaka kurasa zimeshikana kama chapati zilizorundikwa moto. Nilijiona nimepunjwa kabisa. Nilibeba tu kwa heshima, boda mpaka Kamukuywa, matatu mpaka Nakuru, katoni kwa mapaja, abiria mwenzangu akiniuliza kama nimebeba kifaranga.

Sasa ni mwaka wa pili tangu tumzike na hiyo katoni siwezi kuibadilisha na shamba la mtu.

Ukiuliza pale Kimilili kuhusu Kuka utapata majibu tofauti kulingana na nani unamuuliza. Wamama wanaoteka maji watakuambia ni mzee wa chemchemi. Kanisani watakuambia karani. Wakulima wa kahawa, wale wachache wa umri wake wamebaki, watakuambia ni yule mtu wa mizani, ambaye huwezi kumwibia nusu kilo na yeye hawezi kukuibia hata robo. Na ukimuuliza Kukhu, mke wake, atakuambia ni mtu aliyekataa utajiri, atalisema na hasira mbichi kama ni jambo la jana asubuhi, na lilitokea 1977. Nitafika huko.

Alizaliwa 1938, akaingia jandoni na rika la Nyange, akafanya mtihani wa KAPE akapita lakini karo ya kuendelea ikakosekana nyumbani. Shule ya Kamusinga ilifunguliwa 1957 na yeye wakati huo alikuwa tayari anapima kahawa ya watu. Alikuwa anapita hapo na baiskeli akiangalia wanafunzi wakiwa kwa uwanja, na alituambia hilo mara moja tu, hakulirudia. Lakini kila mtoto wa kijiji aliyeitwa Kamusinga miaka ya baadaye, mzazi wake alikuwa anapitia kwetu, na Kuka alikuwa anatoa kitu, ata kama ni sanduku la chuma tu.

Kanisa lake lilikuwa la Marafiki, wengine wanaita Kwekeri. Wasiojua hushangaa nikiwaambia hakuna nchi yenye Marafiki wengi kama Kenya, na karibu wote wako huku kwetu magharibi, tangu wale Wamarekani watatu wafike Kaimosi 1902. Sisi hatubatizi na maji. Nikiwa darasa la sita nilichekwa sana na wenzangu Wakatoliki, ati nyinyi mtaenda mbinguni na uchafu, nikarudi nyumbani nikilia nikamuuliza Kuka mbona hatubatizwi. Akaniangalia, akaniuliza, mtungi umejaza? Nikasema bado. Akasema basi enda ujaze kwanza, hayo mengine tutaongea ukirudi. Niliporudi alikuwa amelala kwa kiti. Mpaka leo najiuliza kama lile ndilo lilikuwa jibu ama alisahau tu. Na unajua kinachonichekesha ni kwamba mtu wa kanisa lisilobatiza na maji alimaliza karibu miaka 40 ya maisha yake akihangaikia maji.

Kitu kingine cha kanisa lake ambacho alikipenda kuliko hata nyimbo ni ukimya. Siku hizi ibada zetu zina kwaya na pasta na spika kubwa kama kila mahali, ukimya ukikumbukwa ni dakika mbili tatu na mtoto analia. Lakini Kuka alikuwa anakaa kimya kweli kweli. Asubuhi kabla ya chai, kwa veranda, mikono kwa magoti, kofia chini. Sisi watoto tulijua huo wakati hata kuku hafukuzwi. Na kwa mikutano ya kanisa Marafiki hawapigi kura, watu wanaongea, karani anasikiliza mpaka aone mkutano umeegemea wapi, anaandika palepale, anasomea watu, wakikubali imeisha. Wasipokubali mnakaa kimya tena. Kuka aliuchukua huo mtindo akaupeleka kila mahali, kwa sosaiti ya kahawa, kwa kamati ya chemchemi, mpaka kwa vikao vya familia vya mahari, ambapo kusema ukweli ulikuwa unaboesha watu sana. Wageni wamekuja kuongea ng'ombe, mwenyeji amenyamaza dakika tano macho yamefungwa! Kuna wakwe walidhani anaumwa.

Mwaka wa 1973 Marafiki wa huku upande wa Elgon walijitoa kwa ule mkutano mkubwa wa Afrika Mashariki, yaani muungano wa makanisa yetu, uliokuwa umeanza 1946, wakawa na wao. Ilikuwa na maneno mengi, watu wa ukoo mmoja walikuwa hawasalimiani. Kwa daftari la mwaka huo nilidhani nitapata siri zote. Nikapata mistari ya mikutano, nani amekuja, sadaka ni ngapi, taa imetumia mafuta ya shilingi ngapi, na kwa ukurasa mmoja ameandika tu "Leo tumeongea vibaya." Tarehe. Basi.

Sasa chemchemi. 1984 ni ule mwaka wa njaa, wa mahindi ya njano, wazee wanaukumbuka. Kijito chetu kilikauka, na chemchemi iliyobaki ilikuwa wazi, ng'ombe wanakunywa hapo, watoto wanaingia na miguu, na watu waliharisha sana mwaka huo. Mwaka uliofuata Kuka na wenzake saba wakaamua kuijenga. Kazi yenyewe si ya ajabu ukieleza. Mnachimba mpaka mfikie jicho la maji, mnajaza mawe na kokoto, mnafunika juu na udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa vizuri ili maji ya mvua yasiingie, mbele mnajenga ukuta wenye bomba, na juu yake mnachimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Kisha ua, ng'ombe asikaribie. Kazi ni wiki mbili. Kinachochukua miaka ni watu.

Kwa sababu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Kuka alikuwa anashuka huko na mtungi wa lita 20 na saa yake ya mkono, anaweka mtungi chini ya bomba, anahesabu sekunde mpaka ujae, anaandika. Mimi nimeenda naye mara nyingi sana. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele "umejaa!" na nilikuwa naichukulia kazi ya serikali. Madaftari manne ni hayo tu. Sekunde 38. Sekunde 38. Sekunde 40. Mwezi wa kiangazi 47. Halafu kuanzia mwaka fulani zinaanza kupanda na hazirudi, 55, 58, dakika moja, dakika moja na sekunde 12. Huo ndio wakati ndugu yake wa damu, ambaye shamba lake liko juu ya chemchemi, mikaratusi aliyoipanda ilikuwa imefika urefu wa nyumba. Kila mtu huku anajua mkaratusi unakunywa maji kama mlevi, lakini pia kila mtu anajua mkaratusi ni pesa, ni nguzo za stima, ni karo. Kuka alimwambia, ndugu akakataa. Kuka hakumpeleka kwa chifu kama kamati ilivyotaka. Alikuwa anaenda kwake kila mwezi baada ya kupima, anabisha, anasema mulembe, anasoma namba ya mwezi huo, anaenda. Hakuna kingine. Miaka minne! Kukhu anasema yule shemeji yake alifika mahali akiona kofia ya Kuka kwa njia anaingia choo. Mwishowe akakata miti, nusu kwa aibu nusu kwa kuchoka, na hawakuongea vizuri mpaka akafa. Namba zilirudi 41. Kuka aliandika 41 na hakuongeza neno, ila hapo pembeni kuna mahali kalamu imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Baadaye lililetwa lile tangi la buluu la klorini linalowekwa hapo kwa kisima, unaweka mtungi chini, unazungusha, linadondosha mililita 3, inatosha lita 20, usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Watu walilikataa, ati linaleta ugumba. Wakamchagua Kuka awe wa kulijaza juu yeye tayari alikuwa na watoto saba na hakuna ugumba angemletea mtu kwa umri ule. Alilijaza mpaka mwezi aliokufa.

2006 mpaka 2008 huko Mlima Elgon kulikuwa na vita, ile ya ardhi ya Chebyuk, ya wapiganaji wa SLDF, mpaka jeshi likaja Machi 2008 na jeshi nalo likaacha vilio vyake. Watu walishuka usiku, wengine na sufuria kichwani, wakajaa Kimilili, Chwele, Kapsokwony. Kwetu zilikaa familia tatu. Mimi nilikuwa mkubwa kiasi, nakumbuka kulala watoto tisa kwa mkeka mmoja, na nakumbuka ghala la Kukhu likiisha. Hii mtu akisimulia kwa mazishi inasikika vizuri, mzee alifungua mlango wake. Ndiyo, alifungua. Aliyekuwa anapika nyuma ya huo mlango ni Kukhu, miezi saba, na hakuulizwa. Kwa daftari imeandikwa gorogoro za mahindi zilizotoka kila siku, 4, 4, 5, 4, na kwa hiyo hesabu yote jina la Kukhu halipo hata mara moja. Nilikasirika kidogo nikisoma, sitaficha.

Alikufa Novemba 2023, nyumbani, presha, baada ya chai. Daftari la mwisho lilikuwa na maagizo. Jeneza la saiprasi, lisiwe na vioo. Kaburini kabla ya saa nane. Ng'ombe wa maziwa asiuawe. Kila msemaji dakika mbili, "na mimi sitakuwepo kuwazuia kwa hivyo pasta ashike saa." Kuhusu kumuse, ile hotuba yetu ya kimila ya kumuaga mzee, hakuandika kitu, na hapo ndipo ugomvi ulianzia. Wazee wa ukoo wakasema mzee wa miaka 85, mwenye vitukuu, hawezi kuzikwa kama kuku bila mtu kusimama kumuse. Kanisa likasema yeye alikuwa karani wetu. Tukakaa mpaka saa sita usiku. Kisha Senge, dada mkubwa wa baba, akasema tukae kimya kwanza vile mwenyewe alikuwa anafanya. Tukakaa. Taa inavuma, mbu wanatula. Baada ya hapo pasta mwenyewe ndiye akasema, kumuse iwe, lakini baada ya mazishi na kusiwe na pombe kwa huu uwanja. Nilifurahi juu yule mzee wa kumuse alikuwa moto, alitembea huku na huku na fimbo yake tangu asubuhi, akataja ukoo wetu mpaka watu ambao sijawahi kusikia, na hakuna aliyethubutu kupita mbele yake, hata mbwa wetu alilala.

Lakini kwa zile dakika mbili mbili za mazishi, nitakumbuka za Senge. Wengine walisema yale ya kawaida, nguzo imeanguka, mti mkubwa umeng'oka. Kijana mmoja wa wale waliolala na sisi kwa mkeka 2007 alikuja na gunia la viazi kutoka mlimani, akalia, hakumaliza hata dakika moja. Halafu Senge akashika maiki. Yeye alitolewa shule fomu ya pili, 1978, kwa kukosa karo, mwaka uleule baba yake alichangia mabati ya kanisa. Aliolewa mwaka uliofuata. Alisema, "Baba yangu alikuwa mtu wa watu. Mimi pia nilikuwa mtu." Akarudisha maiki. Hakuna aliyepiga makofi, pasta aliangalia saa yake ingawa dakika hazikuwa zimeisha.

Siku ya tatu tukakaa lufu, ile siku ya kuuliza madeni. Mwenye kumdai marehemu asimame, mwenye kudaiwa pia. Mimi nilipewa madaftari nisome. Jamaa mmoja akasimama akasema anamdai mzee ndama tangu 2015. Nikatafuta 2015, nikapata, nikasoma kwa sauti, "Ndama amelipwa, mbele ya mashahidi wawili, akahesabu pesa mara mbili." Mashahidi wote wawili walikuwa wamekaa hapo chini ya mwembe! Jamaa akasema ah, labda ilikuwa mzee mwingine, akakaa. Kisha fundi wa ukuta wa chemchemi akasimama kwa aibu, kofia mkononi, akasema anadai 1,500. Ilikuwepo. "Fundi, siku 3, baki 1,500. Alipwe kabla ya Desemba." Tukachanga hapohapo, ilikuwa tarehe 27 Novemba.

Sasa hii ya 1977.

Wasiojua, ilikuwa hivi. 1975 baridi kali iliunguza kahawa Brazil, bei duniani ikapanda mpaka mbinguni. Uganda wakati huo ni Amin, mkulima wa huko analipwa pesa isiyonunua kitu, kwa hivyo kahawa ikaanza kuvuka mpaka usiku, kwa vichwa, kwa punda, kwa baiskeli, inakuja Chepkube. Chepkube! Waulize wazee wa Bungoma watakuambia. Kasoko tu ka mpakani, lakini watu walikuwa wanarudi kutoka huko na pesa kwa magunia, walionunua magari bila kujua kuendesha, waliooa wanawake watatu kwa mwezi mmoja. Na kahawa ya magendo ilihitaji kitu kimoja, karatasi ya kuonyesha imetoka kwa mkulima wa Kenya. Karatasi inaandikwa na mtu wa mizani. Mtu wa mizani alikuwa Kuka.

Walimjia nyumbani. Kukhu aliwapikia, kwa hivyo alisikia kila kitu kutoka jikoni. Kuka aliwasikiliza, akanyamaza vile ananyamaza, akasema "Mizani ni moja," wakaenda. Kukhu alibaki kwa nyumba ya nyasi mpaka 1983, na kila mvua ikinyesha ndani alikuwa anasema kwa sauti, haya, mizani ni moja, weka basi mizani hapa maji yanapodondoka. Na hasira yenyewe imekaa miaka 40 na zaidi. Kwake yeye kilichomuuma si hata pesa. Ni vile mtu alikataa haraka namna ile, bila kufikiria watoto, kana kwamba ilikuwa rahisi.

Daftari lililomwagikiwa chai ni la hiyo miaka. Nilikuwa nimeliacha juu kurasa zinararuka ukivuta. Krismasi iliyopita nikiwa nyumbani, Senge naye yuko, nilijaribu kulishikilia juu ya mvuke wa sufuria ya maharagwe, taratibu, nikiingiza kisu cha siagi katikati, na zikaanza kuachana moja moja. Ukurasa wa nne hivi haukuwa na kilo wala majina ya wakulima. Juu kulikuwa na hesabu, magunia mara bei, wino umesambaa sisomi vizuri, imefutwa na kupigwa upya mara tatu. Chini yake orodha. Mabati 60. Baiskeli 1. Ng'ombe wa gredi 2. Na jina la Senge, mbele yake, karo mpaka fomu foo. Halafu mstari mmoja umepita juu ya yote kutoka kona hadi kona, na "Hapana."

Nilisoma kwa sauti. Sikujua kama nisome lakini nilishaanza. Kukhu alikuwa anachambua mboga, mkono ukasimama.

"Mabati mangapi?"

"60, Kukhu."

Akakaa. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka majani ya mboga yakamwagika, "Sitini! Ya kufunika nini? Nyumba yetu ingetosha na 40!" na akajifuta macho na kanga na kusema kwa Kibukusu kitu ambacho maana yake ni kama, kumbe huyu mzee alilala macho.

Senge hakucheka. Alinyoosha mkono, nikampa daftari, akalipeleka kwa dirisha penye mwanga akausoma ule ukurasa mwenyewe, muda mrefu kuliko mistari iliyokuwepo. Halafu akaniuliza kama anaweza kukaa nalo.

Sasa kwa katoni yamebaki 10.